Dhahabu ya Salamabila na Hesabu Isiyoandikwa

Kila sera ya uchumi inayotungwa na serikali hubeba hesabu mbili, moja ya manufaa na nyingine ya gharama, na kazi ya mtaalamu ni kuzipima kwa pamoja kabla ya uamuzi kutiwa saini. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliipa kazi hiyo msingi wake mwaka 1844, alipochunguza namna ya kukadiria faida ambayo watu huipata kutokana na daraja au barabara iliyojengwa kwa fedha za umma. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1939, wachumi Nicholas Kaldor na John Hicks waliweka kanuni ambayo hadi leo inaongoza tathmini nyingi za miradi, kwamba sera inafaa ikiwa wanaonufaika nayo wanapata kiasi ambacho kingetosha kuwafidia wanaopoteza na bado wakabakiwa na ziada. Uzito wote wa kanuni hiyo umelala juu ya neno moja, yaani kingetosha, kwa sababu haidai kwamba fidia ilipwe, bali inadai tu kwamba iwezekane kulipwa. Katika nchi ambayo mahakama husikiliza mnyonge na bunge hugawa bajeti ikamfikia mwananchi, pengo kati ya fidia inayowezekana na fidia inayolipwa hupungua kadiri miaka inavyopita. Katika Salamabila, mji wa dhahabu ulio katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pengo hilo lilikua mwaka baada ya mwaka hadi likageuka vita.

Historia ya Salamabila inafaa kusomwa kama mfululizo wa sera ambazo kila moja ilipimwa upande mmoja. Wabelgiji waliichimba dhahabu ya Namoya, kilima kilicho jirani na mji huo, kuanzia miaka ya 1930 hadi karibu na uhuru, na mwaka 1976 makampuni ya ukoloni yaliyokuwa yakichimba bati na dhahabu katika Kivu, ambayo wakati huo iliijumuisha Maniema, yaliunganishwa kuwa kampuni moja iliyoitwa SOMINKI. Mwezi Novemba 1982 serikali ya Rais Mobutu ilipitisha sheria iliyowaruhusu raia wa kawaida kumiliki, kuchimba na kuuza dhahabu na almasi, mambo ambayo kabla ya hapo yalimfikisha mtu gerezani. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1985, soko la kimataifa la bati lilianguka, SOMINKI ikaanza kudhoofika, na wafanyakazi walioachishwa kazi wakaungana na vijana wa vijijini katika kuchimba kwa mikono mashapo ambayo kampuni ilishindwa kuyaendesha. Kwa hiyo wachimbaji wadogo, ambao wenyeji huwaita makrezere, hawakuwa wavamizi wa mali ya mtu. Waliingia kwa mlango uliofunguliwa na sheria ya nchi, wakati ambapo ajira rasmi ilikuwa ikifungwa.

Tarehe 13 Februari 1997, serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitia saini mkataba wa madini ulioipa kampuni ya Banro, yenye makao yake Kanada, haki juu ya mali za SOMINKI. Hali ya siku hiyo haistahili kupitwa haraka. Waasi wa AFDL walikuwa wameshaiteka Bukavu tangu Oktoba 1996, na ndani ya wiki chache baada ya saini hiyo Kindu, makao makuu ya Maniema, nayo iliangukia mikononi mwao, kiasi kwamba serikali iliyokuwa ikigawa ardhi hiyo kwa miongo mitatu ijayo haikuwa na hakika ya kuitawala hata kwa miezi mitatu. Mwaka 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyeingia madarakani akiwaongoza waasi hao, aliufuta mkataba huo, Banro ikaenda mahakamani kudai dola bilioni 1, na mwezi Aprili 2002 serikali ya Joseph Kabila ilikubali suluhu iliyoirudishia kampuni hiyo haki za dhahabu, Namoya ikiwemo, huku mali za bati zikirudi kwa serikali. Tangu mkataba hadi suluhu, hakuna hatua hata moja ambapo mtu wa Salamabila alikaa mezani.

Manufaa yaliyoahidiwa yalikuwa mazito, na haki inataka yaelezwe bila kupunguzwa. Mgodi wa viwanda huleta mtaji ambao mchimbaji wa mikono hawezi kuupata, hufikia mwamba mgumu ambao sururu haiupasui, hulipa mishahara ya kila mwezi, huandika kila gramu katika vitabu ambavyo mkaguzi anaweza kuvifungua, na unaweza kulipa kodi kwa njia moja iliyo wazi badala ya njia elfu zilizojificha. Wakfu wa Banro, ulioanzishwa mwaka 2005, ulijenga shule, vituo vya afya na miradi ya maji katika maeneo ya kampuni. Kwa nchi iliyokuwa ikitoka katika vita viwili na ambayo ilikuwa ikikaribisha wawekezaji kupitia Kanuni ya Madini ya Julai 2002, kuonyesha kwamba mgodi mkubwa unaweza kujengwa mashariki kulikuwa na thamani ya ziada, kwa kuwa mwekezaji mmoja akifaulu wengine hufuata.

Ili kumvuta mwekezaji huyo, serikali ilitoa msamaha wa kodi wa miaka 10 tangu uzalishaji uanze. Msamaha wa kodi si kitu cha bure. Ni matumizi ya serikali yasiyopita katika bajeti, kwa sababu fedha ambazo zingeingia hazina zinaachwa kwa makusudi katika mfuko wa mlipakodi, kwa matumaini kwamba shughuli itakayozaliwa italeta zaidi ya kilichoachwa. Matumaini hayo yanategemea mambo mawili, kwamba mwekezaji asingekuja bila msamaha, na kwamba faida itakuwepo muda wa msamaha utakapokwisha. Jambo la kwanza haliwezi kuthibitishwa kamwe, lakini la pili linaweza kuchunguzwa, na uchunguzi wake unatoa jibu chungu. Bei ya dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia moja, yaani gramu 31 na kidogo, mwezi Septemba 2011, wakati mipango ya Namoya ilipokuwa ikikamilishwa, lakini dhahabu ya kwanza ilipomiminwa mwishoni mwa 2013 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1,200. Teknolojia iliyochaguliwa, ya kurundika mawe yaliyopondwa na kuyanyunyizia maji ya sayanidi ili dhahabu iyeyuke na kukusanywa chini, ilikwama kwa kuwa udongo wa Namoya una chembe laini nyingi zinazoziba njia ya maji, na mtambo ukalazimika kurekebishwa hadi uzalishaji wa kibiashara ulipotangazwa Januari 2016. Wakati huo wote deni lilikuwa likila riba, kwani mwezi Machi 2012 kampuni ilikuwa imekopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10, deni lililotakiwa kulipwa lote mwaka 2017.

Hapa ndipo tofauti kati ya mrabaha na kodi ya faida inapoacha kuwa jambo la vitabuni. Mrabaha hutozwa juu ya thamani ya madini yanayouzwa, iwe kampuni imepata faida au hasara, ilhali mgawo wa faida hutozwa juu ya kile kinachobaki baada ya mishahara, mafuta, mitambo na riba kulipwa. Makubaliano ya mwaka 2010 yaliyorekebisha masharti ya Banro yaliweka mrabaha wa asilimia 1 na mgawo wa asilimia 4 ya faida halisi baada ya mtaji kurudi, na kwa macho ya msomaji wa haraka asilimia 4 inaonekana kubwa kuliko asilimia 1. Lakini kampuni iliyojengwa juu ya deni zito hupeleka kwanza faida yake kwa wadai, na mwezi Desemba 2017 Banro iliomba ulinzi wa mahakama ya Kanada dhidi ya wadai wake, kisha mwaka 2018 ikawa mali yao, miongoni mwao Baiyin ya China na mfuko wa Gramercy. Asilimia 4 ya faida isiyokuwepo ni sifuri. Serikali ilikubali kulipwa kutoka mwisho wa foleni, nyuma ya benki, wauza mitambo na wanunuzi wa hati za deni, na jamii ya Kabambare ikawekwa nyuma ya serikali.

Gharama iliyo nzito zaidi, hata hivyo, haikuwa kodi iliyosamehewa. Wachumi huita gharama ya fursa kile kinachoachwa pale kitu kinapotumiwa kwa njia moja badala ya nyingine, na katika vilima vya Namoya, kama Mwendamboko na Kakula, kilichoachwa kilikuwa uchumi mzima. Shimo la mchimbaji mdogo lina mwenyewe, ambaye katika migodi ya Kivu na Maniema huitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, naye hutanguliza chakula, taa, sururu, pampu ya maji na dawa kwa miezi kadhaa kabla mshipa wa dhahabu haujafikiwa. Chini yake kuna wachimbaji wanaolipwa kwa mgawo wa mawe, wabebaji wanaoyapandisha, wanawake wanaoyatwanga kwenye vinu vya chuma, wanaoosha mchanga mtoni, mafundi wa magurudumu ya kusaga, na wafanyabiashara wanaonunua dhahabu kwa vipimo vidogo na kuipeleka Bukavu au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mmoja wao hutumia karibu yote anayoyapata papo hapo. Mchele, mawese, karanga na mahindi hutoka mashambani mwa Kasongo na vijiji vya Kabambare. Nguo, sabuni, simu na chumvi hupanda kutoka upande wa Fizi na ziwani. Mkulima wa Kasongo ambaye hajawahi kushika sururu hupata bei nzuri ya gunia lake kwa sababu kuna mtu Salamabila mwenye fedha mkononi, na kutokana na gunia hilo mtoto wake hulipiwa daftari na mke wake hulipiwa kitanda cha uzazi.

Mapato haya hayakuandikwa popote. Hayakuwa na risiti, hayakuingia katika takwimu za pato la taifa isipokuwa kwa kukisiwa, na ofisa wa Kinshasa aliyelinganisha hali mbili, ya kuwepo kwa mgodi wa viwanda na ya kutokuwepo kwake, aliiandikia hali ya pili sifuri. Kila tathmini ya mradi huhitaji hali ya rejea, yaani picha ya mambo yatakavyokuwa ikiwa sera haitatekelezwa, na manufaa ya sera ni tofauti kati ya picha hizo mbili. Hali ya rejea ikiwekwa sifuri, hata mradi dhaifu huonekana neema, na kuwaondoa watu katika mashimo yao huonekana jambo lisilogharimu kitu. Kosa hili la hesabu lina madhara makubwa kuliko ufisadi, ingawa ufisadi ndio unaozungumzwa zaidi, kwa sababu ofisa mwadilifu kabisa anaweza kulifanya akiwa na nia njema. Mtafiti Ben Radley, katika kitabu chake cha mwaka 2023 kinachochunguza shughuli za Banro Kivu Kusini, ameonyesha kwamba uchimbaji mdogo ulikuwa umeanza kukusanya mtaji wa wenyeji na kuwekeza katika mashine kabla ya kusukumwa kando, ilhali sehemu kubwa ya thamani ya mgodi wa viwanda ilielekea nje ya nchi. Hoja hiyo inageuza dhana ya kawaida kwamba mchimbaji mdogo ni masalia ya jana yanayongoja kufutwa na kesho.

Uadilifu unadai kwamba gharama za uchimbaji mdogo nazo ziandikwe, na zi nyingi. Mashimo hubomoka, kama ilivyotokea Kamituga, Kivu Kusini, mwezi Septemba 2020, ambapo watu wasiopungua 50 walikufa mvua ilipofurika machimboni. Zebaki humwagwa mtoni, watoto huacha shule, wanawake hulipwa kidogo kwa kazi nzito, na watu wenye bunduki, wawe wa makundi au waliovaa sare, hutoza kila gunia linalopita kizuizi cha barabarani. Uchumi huu haukuwa pepo. Lakini gharama hizo zinapaswa kutolewa katika mapato yake ndipo ipatikane hali halisi ya rejea, na sio sababu ya kuyafuta mapato yenyewe.

Kuna pia suala la wakati. Tathmini ya miradi hutumia kiwango cha punguzo, yaani kipimo kinachoshusha thamani ya faida kadiri inavyochelewa, kwa kuwa dola ya leo inaweza kutumika leo na dola ya miaka 10 ijayo haina uhakika. Benki kubwa hutumia viwango vya wastani, lakini familia iliyoishi vita vya 1996 na 1998, ambayo imelala porini zaidi ya mara moja, ina kiwango chake kikali sana, na huo si ujinga wala kukosa subira; ni hesabu sahihi ya hatari inazozijua. Sera ya Namoya iliwachukulia watu hao mapato ya leo ikawaahidi barabara, ajira na umeme vya baadaye. Kwa kiwango cha punguzo cha Toronto, makao ya Banro, mpango ulipendeza. Kwa kiwango cha Salamabila ulikuwa hasara tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekwenda kuuliza kiwango hicho.

Matokeo yake yalionekana katika gharama ambayo haimo katika karatasi yoyote ya mwaka 1997 wala 2002, yaani gharama ya usalama. Kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika lilisimama dhidi ya mgodi likijinadi kwamba linatetea wachimbaji waliofukuzwa na ahadi zisizotimizwa. Kundi hilo lilikuwa na maslahi yake, na lilifanya maovu makubwa dhidi ya raia wale wale, wanawake wakiumizwa kuliko wote; madai ya haki hayamtakasi anayeyabeba kwa bunduki. Hata hivyo kundi halipati vijana mahali ambapo vijana wana kazi. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi, Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongomani watatu, walitekwa, wakaachiliwa baada ya karibu miezi mitatu. Misafara ya malori kati ya Lulimba na Namoya ilishambuliwa, njia ya mafuta na vyakula ikafungwa, uzalishaji ukasimama na kuanza na kusimama tena. Julai 2019 wafanyakazi wanne walitekwa, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ilitangaza kusimamisha shughuli kwa sababu ya dharura isiyozuilika. Mgodi ulihamia baadaye mikononi mwa Baiyin na washirika wake. Jeshi lililopelekwa kuulinda lililipwa na dola ileile iliyokuwa imesamehe kodi, na kama gharama ya askari, ya mapigano, ya watu waliokimbia makazi na ya mashamba yaliyoachwa ingeandikwa upande wa pili wa karatasi, ni vigumu kuona ni manufaa gani ya hazina yangeifikia.

Namna ya pili ya kuona uzito wa mapato yasiyoandikwa ni kutazama kilichotokea yalipokatwa kwa amri. Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, kwa lengo la kuyanyima makundi yenye silaha fedha, na marufuku hayo yalidumu hadi Machi 2011. Miezi michache kabla yake Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni kutangaza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yanavyovitumia vinatoka Kongo au nchi jirani, na wanunuzi wengi wakaona ni nafuu kuihama kanda nzima kuliko kuichunguza. Nia ilikuwa njema. Dominic Parker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba uwezekano wa watoto wachanga kufa katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyolengwa na sera uliongezeka kwa asilimia zisizopungua 143, na maelezo yao ni kwamba mama aliyekosa mapato ya machimbo alikosa pia huduma ya afya kwa mtoto wake. Tafiti nyingine ziliona uporaji na mapigano yakiongezeka badala ya kupungua. Fedha iliyokuwa sifuri katika vitabu vya serikali ilikuwa ikinunua dawa ya malaria, na ilipokatika, hesabu yake ilisomwa makaburini.

Serikali ya Kongo ilijifunza jambo fulani kutokana na miaka hiyo, na marekebisho ya Kanuni ya Madini yaliyotiwa saini tarehe 9 Machi 2018 ni ushahidi. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 2.5 hadi 3.5 na kutozwa juu ya thamani ya jumla ya mauzo, hisa ya bure ya serikali katika makampuni mapya ikawa asilimia 10 badala ya 5, na mgawanyo wa mrabaha ukawekwa wazi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au utawala wa kichifu unaochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo kampuni hutakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazoizunguka. Kulipa mkoa na sekta moja kwa moja ni hatua kubwa, kwa kuwa Katiba ya 2006 iliipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yakatwe kwenye chanzo, na ahadi hiyo haijawahi kutekelezwa kwa ukamilifu.

Lakini namba hizi zinahitaji kushushwa hadi ardhini. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kilo moja ya dhahabu inauzwa dola 60,000, mrabaha wake wote ni dola 2,100. Mkoa wa Maniema hupata 525, na sekta hupata 315. Ukiongeza mgao wa jamii, ambao ni dola 180, kinachofika katika eneo lililochimbwa kwa sheria ni dola 495, yaani pungufu ya asilimia 1 ya thamani ya kilo hiyo, na hapo imechukuliwa kwamba kila mlipaji amelipa na kila mpokeaji amepokea. Mishahara na manunuzi ya kampuni kwa wenyeji huongeza kiasi hicho, na mgodi unaonunua mchele Kasongo badala ya kuuleta kwa malori kutoka mbali huongeza zaidi. Kilo hiyo hiyo ikitoka katika mashimo ya makrezere, sehemu kubwa ya bei yake hugawanywa kati ya watu wanaoishi hapo, ingawa hazina haioni kitu. Ulinganisho huu hauthibitishi kwamba mgodi wa viwanda ni mbaya. Unathibitisha kwamba hazina na mji vinaweza kupima kitu kimoja na kupata majibu yanayopingana, na kwamba mgawanyo wa 2018, pamoja na wema wake, bado hauwezi kujaza nafasi ya mapato ambayo mgodi uliyaondoa.

Jaribio jingine lilielekea upande wa wachimbaji wadogo wenyewe. Mwezi Januari 2023 serikali ilizindua huko Bukavu kampuni ya Primera Gold, ubia kati yake na wawekezaji wa Falme za Kiarabu, ikapewa haki ya pekee ya kusafirisha nje dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa ushuru mdogo sana wa asilimia 0.25. Mwaka 2022 mauzo rasmi ya dhahabu hiyo yalikuwa makumi ya kilo tu. Mwaka 2023 yalipita tani 5. Somo la ushuru liko wazi, kwamba kiwango kikubwa cha kodi kwenye bidhaa inayoingia mfukoni hakiongezi mapato, huongeza magendo. Ila ukiritimba, yaani soko lenye mnunuzi mmoja anayelindwa na sheria, humpa mnunuzi huyo uwezo wa kushusha bei, na kuanzia hapo mchimbaji hurudi kwa mlanguzi. Ubia huo haukudumu. Wawekezaji walijitoa na kampuni ikabaki mali ya dola kwa jina la DRC Gold Trading, kisha Bukavu yenyewe ikatekwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025.

Tanzania ilifuata njia nyingine kwa tatizo lilelile. Baada ya Rais John Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo Januari 2019, Bunge lilifuta kwa wachimbaji hao kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, zikabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na mwezi Machi mwaka huo soko la madini likafunguliwa Geita, ambako wanunuzi wengi wenye leseni wameketi chini ya paa moja na bei ya siku imebandikwa ukutani. Mzigo huo wa asilimia 7 ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko ushuru wa Primera, lakini mauzo ya wachimbaji wadogo yaliyoandikwa yaliongezeka, kwa sababu muuzaji aliweza kukataa mnunuzi mmoja akaenda kwa wa pili hatua tatu mbele. Njia hiyo ilihitaji polisi wasiopora njiani na ofisa anayepima kwa haki, na kwa hiyo haiwezi kuhamishwa kama ilivyo hadi Kabambare, ambako kutoka shimoni hadi soko kuna vizuizi kadhaa vya watu wenye silaha. Inaonyesha tu kwamba kiwango cha ushuru si kitu peke yake. Kinachoamua ni kama mchimbaji ana pa kwenda akidhulumiwa.

Kwa Salamabila, basi, uamuzi wenye maana uko hatua moja nyuma ya kodi. Sheria ya Kongo inaruhusu waziri kutenga maeneo ya uchimbaji mdogo, ambako vyama vya ushirika vilivyosajiliwa huchimba kihalali, lakini eneo lililo chini ya kibali cha kampuni haliwezi kutengwa hadi kampuni ilirudishe, na vibali vya ukanda wa dhahabu kutoka Twangiza, Kivu Kusini, hadi Namoya vinafunika maeneo ambayo hayajaguswa na mtambo wowote kwa miaka mingi. Wachimbaji wanaofanya kazi humo ni wahalifu kwa sheria na ni nguzo ya soko kwa uhalisia. Kurudisha sehemu zisizotumika, hasa mashapo ya juu ambayo mitambo mikubwa haiyahitaji, kungegharimu hazina kidogo mno, na kungempa mchimbaji haki ambayo mkaguzi anaweza kuisimamia, pamoja na matumizi ya zebaki na kazi za watoto. Kabla ya hapo inahitajika kazi isiyo na fahari, ya kuhesabu: watu wangapi hushuka shimoni katika kila kilima, wanawake wangapi hutwanga, magunia mangapi ya mchele wa Kasongo huuzwa Salamabila kwa wiki, kiasi gani hutozwa katika kila kizuizi na nani. Huduma ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, SAEMAPE, ina maofisa waliopewa jukumu hilo, na ada wanazotoza zinaandikwa kwenye daftari. Mapato ya wanaotozwa bado hayana safu yake katika daftari hilo, na kibali kijacho kitakapoombwa, ofisa wa Kinshasa ataitafuta namba ya kuiweka mahali pa sifuri na hataikuta.